Kopo Lenye Kichwa

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika nimelowa chapachapa. Mvua ya Masisi haijali kwamba wewe ni mwalimu mpya. Gauni aliloshona mama yangu kwa ajili ya siku hiyo lilikuwa na matope mpaka magotini. Masera Mukubwa, mtawa aliyesimamia shule ya wasichana karibu na Kingi, alinitazama kutoka juu mpaka chini, akasema: "Vizuri. Wewe hautaogopa shamba." Hivyo ndivyo nilivyoingia kazi ya umonitrisi, yaani ualimu wa madarasa ya chini, miaka ile ambayo mwanamke mwenye chaki mkononi alikuwa bado anafuatwa na watoto njiani ili wamwone vizuri.

Nilipewa somo la hesabu. Lakini Masera Mukubwa hakutaka hesabu ya ubaoni peke yake. "Hawa watoto wanajua mbili mara nne," aliniambia. "Hawajui nini inabaki kisha kuuza. Uwafundishe ile." Akatupatia kipande cha shamba nyuma ya kanisa, na gunia la maharagwe ya kupanda kutoka ghala la misioni. Gunia halikuwa zawadi. Lilikuwa mkopo, na tulipaswa kulirudisha kabla ya mtu yeyote kufungua mdomo kusema ana faida.

Ninyi vijana mnasoma mambo haya katika vitabu vinene, na wengine wenu hamjawahi kuuza hata kitunguu. Sisi tulitumia vikapu vitatu. Tukivuna, kikapu cha kwanza kilikuwa cha mbegu, ndio mtaji, na humo hakuna aliyetia mkono hata njaa ingeuma namna gani. Cha pili kilikuwa cha kula. Cha tatu kilikuwa cha soko, na kile kilichobaki baada ya kulipa ghala ndicho tulichokiita faida. Kundi moja la wasichana lilipika mbegu yake, na msimu uliofuata likakaa ukingoni likitazama wenzao wakipanda. Sikuwa na haja ya kuwagombeza.

Kati ya wasichana hao alikuwamo Mapendo. Mama yake alikuwa amefariki, na baba yake, ambaye sote tulimwita Papa Mapendo, alilima peke yake kilima kizima cha maharagwe na mihogo. Siku moja alikuja shuleni, kofia mkononi.

"Mama Mwalimu, mimi sina ubaya na masomo. Lakini jembe yangu imekwisha, imebakia kama kijiko, na mikono ya huyu mutoto iko hapa kwenu. Kama hii soko yenu inamupatia jembe, abakie mwaka moja tena. Kama haimupatie, anarudia nyumbani."

Nilikubali bila kumuuliza mtu. Nilimpenda mtoto yule. Anayesema kwamba mwalimu hana kipenzi darasani, huyo hajafundisha.

Siku ya soko tulishuka kilima tukiimba. Masera Mukubwa alikuwa ametupatia kopo la maziwa la kupimia, na kijiti cha kusawazisha juu ili kila mnunuzi apate sawa na mwenzake. Mapendo akajaza kopo, akapitisha kijiti. Mama wa kwanza akalitazama kopo, kisha akamtazama mtoto.

"Na kichwa iko wapi?"

Kichwa ni kile kilima kidogo kinachopanda juu ya mdomo wa kopo. Kwetu, ukimpimia mtu bila kichwa, umemwambia kwamba humjui na wala hutaki kumjua.

"Masera amekataza, mama."

"Basi Masera akuje kununua."

Soko zima lilicheka. Tulirudi na maharagwe yetu vilevile kama tulivyokwenda nayo. Mapendo hakulia. Alitangulia mbele ya wenzake wote na kikapu chake kichwani.

Masera Mukubwa hakutaka kusikia habari hiyo. "Kichwa ni faida inayomwagika," alisema. "Kopo ni kopo."

Kesho yake tulikaa sakafuni, vikapu vitatu katikati, nikawauliza wasichana tufanye nini. Mmoja alisema tutafute kopo dogo zaidi. Nikamwambia huo ni wizi wenye adabu. Mapendo akatoka nje, akarudi na kikapu cha nne, kitupu.

"Mama Mwalimu, tutie vichwa humu mbele ya kwenda soko. Tutoe kwa kikapu ya kula, kidogo kidogo. Kopo ya Masera itabakia sawa. Kichwa itatoka kwetu."

Chakula kilikuwa cha wote, na kila mmoja akakitazama kikapu cha kula. Kisha yule aliyekuwa mlafi kuliko wote akachota konzi ya kwanza, akaitia humo.

Niliwapeleka kwa Masera Mukubwa pamoja na vikapu vyao vinne. "Hii ya nne inaitwa nini katika hesabu?" aliuliza.

"Gharama ya kumfanya mnunuzi arudi," nilijibu, jina nililolitunga palepale.

"Mujaribu soko moja," alisema, lakini alikuwa anajizuia kucheka.

Soko hilo moja likazaa mengine. Yule mama aliyetuuliza kichwa alirudi na dada zake. Mwisho wa msimu tulilipa ghala, na sehemu ya Mapendo ikatosha kununua jembe.

Papa Mapendo alikuja darasani kulichukua. Aliligonga kwa kidole, akasikiliza mlio wa chuma. Mapendo alikuwa nyuma yangu, ameshika gauni langu.

"Jembe iko muzuri," alisema. "Mwaka moja, ni vile tulisikilizana. Mutoto abakie."

Akaenda mpaka mlangoni, akasimama, akageuka.

"Na mwaka wa pili tena."

"Papa, wa pili hatukusikilizana," nilisema, mjinga mimi.

"Najua, Mama Mwalimu. Ule iko kichwa."

Nililia mbele ya darasa zima, na sikuona haya.

Baadaye nilihamishiwa Walikale, kwenye msitu na mawese. Huko tulipika sabuni, na Bwana Muspekta, mkaguzi wa shule, akaniuliza kikapu cha nne kimo katika ukurasa gani wa programu. Nilimuuzia kipande cha sabuni, nikamwongezea kingine kidogo juu yake. Hakuuliza tena.

Mapendo alisoma mpaka akawa monitrisi, na nilipostaafu ni yeye aliyepokea darasa langu. Sasa miguu yangu imechoka, naye huja kunipikia. Akimaliza kazi huniaga, hufika mlangoni, husimama kama baba yake, kisha hurudi kukaa nami kidogo tena. Najua hicho ni kitu gani, na ninamsogezea kiti.