Mlango Ulioitwa Kuni

Jamani, leo nimepiga hodi kwenye mlango wangu mwenyewe, nyumbani kwa mtu mwingine!

Mnajua nakarabati nyumba ya marehemu bibi hapa Magamba. Juzi fundi alisema mlango wa mbele umeoza, akaubeba akafanye kuni.

Mbao za mkulo, mti mgumu vile, zinaoza lini? Nikamwachia, ila roho haikutulia.

Leo hakuja kazini, eti anaumwa. Nikaenda kumjulia hali.

Nafika, mlango ni ule ule! Hata jina langu nililochonga utotoni lipo.

Nikajiandaa kuwaka. Akafungua mama yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Asante kwa zawadi ya mlango. Baridi ilikuwa inanimaliza. Mungu akubariki."

Nikajikuta nasema, "Amina."

Huko ndani, fundi ndiyo kwanza akaanza kukohoa.

Semeni kweli, ninyi mngeudai?