Walionizika kwa Mgomba

Kaburi langu liko Mosocho, nyuma ya ghala la mahindi la Mwalimu Angwenyi, na ndani yake wamelaza shina la mgomba. Usicheke. Au cheka tu, nishazoea. Naitwa Masese, fundi cherehani wa Keumbu, na niko hai: nakula, nakohoa, nagombana na wateja wanaoniletea suruali chafu. Lakini ukiwauliza Ndugu wa Kizingiti, watakwambia walinizika mwaka juzi, wakaimba, wakanawa mikono, wakaenda kunywa chai.

Chama chenyewe ni cha siri, ati. Wanakutana Jumapili alasiri ghalani kwa Angwenyi, saa ambayo Wakatoliki wametoka misa na sisi Wasabato hatuna ibada. Wanavaa kanzu nyeusi na vifuniko vya uso nilivyovishona kwa mikono hii. Mbele kuna kiti kirefu, mshumaa, na fuvu la ng'ombe lililotoka kwa mwenye bucha. Miaka nenda miaka rudi nililinda ule mlango na simi mkononi, nikidhani kuna jambo kubwa ambalo bado sijaonyeshwa. Hakuna! Ni wazee wenye vitambi wakitokwa jasho chini ya mabati. Siri pekee walizo nazo ni zile walizokunyang'anya wewe.

Maana siku ya kuingia wanakufunga kitambaa usoni, wanakuvua viatu, wanakupigisha magoti, kisha unaambiwa utaje aibu yako kubwa kuliko zote. Kwa Mgusii hicho ni kisu. Kwetu kuna mambo ambayo mtu hatamki mbele ya watu wa rika la babake, hata umchome moto. Ratemo, mwalimu mpole wa shule ya msingi, alisema mkewe alimkimbia kwa sababu hana nguvu za kiume. Wakagonga sakafu kwa bakora, ndiyo makofi yao, na Angwenyi akatangaza kutoka kitini, “Siri hii imefungwa.” Imefungwa wapi! Wiki haikuisha kabla watoto wa shule hawajamtungia wimbo. Ratemo alihama, sijui yuko wapi. Mkutano uliofuata nilitupa simi chini nikawaambia, “Nyinyi ni washenzi. Mimi natoka.”

Anayetoka huzikwa. Hilo walilichota kwenye mila yetu: mtu akipotelea mbali na mwili usipatikane, tunazika shina la mgomba mahali pake ili jamaa zake wapumzike. Wao wakaligeuza mchezo wao. Ukishazikwa, hakuna ndugu wa chama anayeruhusiwa kukusalimia, kukujibu, wala kula nawe. Nilicheka. Nikasema afadhali, nitapumzika kutokana na salamu zao. Kumbe kikulacho ki nguoni mwako. Aliyeshika jembe la kunizika alikuwa Haron, ndugu yangu wa tumbo moja.

Haron anaishi kwenye boma la mama huko Nyansiongo, anakama ng'ombe na kulima mahindi. Mama yetu, Mong'ina, aliona kwamba kila nikifika Haron anainuka kwenye kigoda na kutoka nje. Siku moja akambana.

“Mbona humsalimu mwenzako?”

“Mama, Masese tulimzika. Nilishika jembe mwenyewe.”

“Mlizika nini?”

“Mgomba.”

Mama mwingine angemzaba kofi, mambo yakaisha. Wangu hakuweza. Kaka yake alipotelea kwenye mashamba ya chai zamani, akazikwa kwa mgomba, halafu akarudi mzima. Alikaa nje ya ua mpaka waliomzika wakalifukua shina, wakachinja kondoo, wakatoboa ua upande wa nyuma apite hapo. Watu wa rika la mama wanajua kwamba aliyezikwa akiingia kwa mlango wa kawaida, anaingia na kifo, nacho kitaanza na wajukuu. Na wa kumtoa kaburini ni walewale waliomzika, si mwingine. Haya yote Haron aliyajua alipofungua mdomo wake.

Nilipofika tena, mama alinizuia akiwa dirishani. Miguu yake ilikuwa imevimba, moyo umechoka, daktari alishatuambia tujiandae.

“Usiingie, mwanangu.”

“Mama, ni mchezo! Ni wazee wazima wamejifunika vitambaa nilivyoshona mimi!”

“Kaburi halina mchezo, Masese. Waambie walioshika jembe wakutoe. Wakikutoa, njoo hata kama ni usiku, nikushike mkono kabla sijaenda.”

“Na wakikataa?”

Aliagiza niletewe chakula palepale nje ya ua. Alilia, na mimi nikalia kama mtoto, sioni haya kusema. Ningeweza kusukuma ule mlango wa ua, ni mbao mbili tu. Lakini moyo ule ungepasuka kwa hofu, na ningekuwa mimi niliyemuua. Nikamfuata Haron zizini, nje ya ua, nikamkamata kola, nikamwambia mama anakufa, tafadhali. Aliangalia juu ya bega langu, akamwambia ng'ombe, “Tulia, tulia, ni upepo.” Haki ya Mungu, upepo!

Basi nikaenda kwa Angwenyi mwenyewe. Nilipiga magoti sebuleni kwake, mimi niliyewatukana, nikamweleza habari za mama toka mwanzo hadi mwisho. Yeye aliendelea kukoroga chai. Nilipomaliza, akamgeukia mkewe, “Nyanchera, funga mlango, naona baridi inaingia.” Maskini mama wa watu alinitazama, akainamisha kichwa, akaufunga. Kisha mzee akaongea na kikombe chake: “Nasikia wafu hufufuka Jumapili, wakija bila viatu na kitambaa usoni.”

Nilikwenda. Ningekwenda uchi kama angesema niende uchi. Nilivua viatu kwenye matope, nikajifunga kitambaa mwenyewe, nikapapasa ukuta mpaka mlangoni. Wakanipigisha magoti chini ya yale mabati. Sauti ya Angwenyi ikaniambia nitaje aibu yangu.

Nikasema, “Aibu yangu ni kwamba mama yangu ananilisha nje ya ua kama mbwa, na ananipenda. Naogopa atakufa kabla hajanishika mkono. Sina nyingine.”

Halafu mmoja akacheka puani, wengine wakamfuata, na bakora zikagonga sakafu. Kati yao nilisikia kikohozi cha Haron, kikohozi ninachokijua tangu tukilala mkeka mmoja. Wakanishika makwapa wakanipeleka nyuma ya ghala. Nilisikia jembe likichimba, nikasikia linaingia kwenye kitu laini, harufu mbovu ikapanda. Moyo wangu uliruka kwa furaha. Nilidhani nimetoka.

“Ndugu, mwaona nini?” Angwenyi akauliza.

“Uji,” mmoja akajibu. “Shina limeoza lote.”

“Basi hatuna cha kufufua. Aliyeoza harudi. Fukieni.”

Niliwapigia kelele. Nikawaambia mgomba wowote huoza, hata mtoto mchanga wa Kisii anajua, wao walijua siku wanauzika. Niliwaambia wafufue hata ule uji, wachinje kondoo, nitamleta kondoo mimi. Nilipong'oa kitambaa, nyuso nyeusi nilizozishona zilikuwa zimenipa mgongo zote, zinaingia ndani kunywa chai. Mmoja alikuwa nyuma ya wenzake na mabega yake yanatikisika. Kama Haron alikuwa analia au anacheka, mpaka leo sijui, na sitaki kujua.

Mama alifariki kabla wiki haijaisha. Celestine, dada yetu, ndiye aliyenipigia simu, akaniambia mama aliuliza kama nimeshatolewa.

Siku ya mazishi wazee wa ukoo walisema marehemu alikataza, na neno la marehemu haliguswi, kwa hiyo nikasimama nje ya ua pamoja na majirani waliokosa nafasi chini ya hema. Vipaza sauti vilikuwa vizuri, sikukosa neno. Angwenyi alikuwa mstari wa mbele na tai yake. Haron akachukua maikrofoni kusoma wasifu wa mama: alizaliwa wapi, alibatizwa lini, alivyopenda kulima wimbi.

“Mama ametuacha watoto wawili, Celestine na mimi Haron,” akasoma bila kukohoa. “Alitanguliwa na mumewe, Mzee Mokua, na mwanawe kipenzi, Masese.”

Majirani walinitazama, kisha wakatazama chini. Mama mmoja alinigusa kiwiko akaniambia pole. Mchungaji naye, mgeni asiyejua lolote, akaomba watu wote wasimame dakika moja kwa heshima ya waliotangulia. Hema zima likasimama. Huku nje nasi tukanyamaza, na mimi, kwa mazoea, nikavua kofia.