Ukili wa Msomaji

Sisi tuliolelewa Kitomanga kabla nguzo za umeme hazijafika tulikijua kitabu kwa masikio kabla ya kukijua kwa macho. Nawaandikia wenzangu wa rika langu, mliokaa uani kwa mama zenu mkinusa harufu ya miyaa iliyolowekwa, mnaokumbuka kwamba kusoma hakukuwa shughuli ya mtu mmoja aliyejikunyata pembeni, akitabasamu peke yake kama aliyepagawa.

Kila siku baada ya sala ya alasiri, wanawake wa mtaa wetu walikusanyika uani kwa jirani yetu, Bi. Zuhura, kusuka ukili. Nanyi vijana mtakaoyasoma haya hamjui ukili ni nini, maana mikeka mnayoikalia leo ni ya plastiki, basi nitawaeleza: ni utepe mrefu wa miyaa, majani ya mkoma yaliyochanwa, unaosukwa kwa vidole na kuviringishwa, kisha tepe hizo hushonwa pamoja zikawa mkeka. Kazi hiyo huchukua mikono na kuyaacha masikio bure, na masikio yaliyoachwa bure hujaa umbea. Aliyeyapatia kazi masikio ya mtaa wetu ni mama yangu mzazi, Bi. Somoe.

Mama aliishia darasa la nne, lakini alisoma kwa sauti iliyofika hadi jikoni, akijua mahali pa kupumzika na mahali pa kuharakisha. Wenzake wengi walijifunzia herufi katika kisomo cha watu wazima. Waliweza kuandika majina yao na kusoma maelekezo ya zahanati, ila ukurasa mzima uliwachosha. Ofisi ya kijiji ilikuwa na kabati la vitabu, na kila kitabu kilichoazimwa humo kilifikia mikononi mwa Mama. Wakaweka utaratibu ambao sijauona mahali pengine: Mama asome, wao wamsukie. Fungu lake la miyaa liligawanywa bila mjadala, huyu akasuka pima moja, yule pima nyingine, na jioni Mama akarudi nyumbani na ukili ulionyooka ambao vidole vyake havikuugusa.

"Somoe atusomee, sisi tumsukie," Bi. Zuhura alizoea kusema, huku akimtupia jicho. "Akitusomea vibaya, tunamfumulia!"

Kitabu kilikuwa na adabu zake. Hakuna aliyekigusa kabla ya kuosha mikono, na msimu wa korosho ulipoingia sisi watoto tulikaguliwa viganja kama askari wa gwaride. "Doa la bibo halitoki kwenye kanga," Mama alituonya, "litatoka kwenye karatasi?" Tulikaa chini kwenye majamvi tukiwa tumeshiba mihogo ya kuchemsha na kipande cha nazi, tukanyamaza. Aliyekatiza alitolewa. Ndugu yangu mmoja alitolewa kwa kupiga chafya, nasi tukaona haki imetendeka.

Lakini Mama alikuwa na kikohozi. Hakikuwa kikohozi cha kifua. Kilimjia kila hadithi ilipokaribia mambo ya chumbani. Alikohoa mara moja, akafunua kanga begani, akatazama juu ya ukurasa na kusema: "Watoto, nendeni mkachote maji." Tulikwenda hadi nyuma ya ua wa makuti, tukabana pumzi na kutega masikio. Hatukusikia mengi, kwa sababu vifungu hivyo alivisoma kwa sauti ya chini, na wanawake walicheka kabla sisi hatujaelewa. Hata hivyo maji tulilazimika kuyachota, kwani tukirudi mikono mitupu tungeulizwa tulikuwa wapi. Katika majuma ya riwaya za mapenzi hapakuwa na mtungi uliojaa Kitomanga nzima kama ule wa Bi. Zuhura.

Hapo ndipo nilipopatia elimu yangu ya kwanza. Nilipoanza shule nilikuwa nimekwisha kujua kwamba sentensi ina pumzi, na kwamba anayesoma anabeba dhamana ya wanaomsikiliza. Nikawa mwalimu wa Kiswahili, nikafundisha Lindi mjini kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na sikumruhusu mwanafunzi asome kwa kunong'ona. Walinilalamikia. Niliwaambia kwamba anayeona haya kusikika akisoma atakuja kuona haya kusikika akisema kweli.

Kabati la kijiji liliingiwa na mchwa. Kwanza walikula mgongo wa kabati, kisha migongo ya vitabu, na siku lilipofunguliwa kilichobaki kilikuwa majalada yaliyosimama kwa mazoea. Nilijaribu kumtafutia Mama vitabu vingine mjini. Madukani nilikuta vya kiada na vijitabu vya kujibia mitihani. Nilipoulizia riwaya moja ya enzi zile, muuzaji alinitazama kwa huruma: "Hicho hakichapwi tena, Mwalimu." Wachapishaji huchapa kile ambacho shule zitanunua, na kisichonunuliwa na shule hufa kimya kimya bila hata matanga. Siwalaumu wote. Karatasi ni ghali na wasomaji ni wachache. Ila nasema lililo kweli: tuliwaacha wasomaji watoweke, kisha tukashangaa kwa nini vitabu havipo.

Baadaye macho ya Mama yakaanza kufifia. Hospitali walimpa miwani iliyomrudishia nyuso za watu, lakini maandishi yalibaki, kwa maneno yake, sisimizi waliomwagiwa maji. Msomaji wa Kitomanga akawa hasomi. Hapo ndipo lilipojitokeza jambo ambalo hakuna aliyelitazamia: Mama hakujua kusuka. Angejulia wapi, ikiwa tangu ujana wake alikuwa akisukiwa? Alikwenda kwa Bi. Zuhura akiwa na miyaa yake, akasuka ukili uliopinda kama njia ya kondoo. Wenzake hawakumcheka. Walingoja aondoke, wakaufumua na kuusuka upya kwa siri, ili usiharibu mkeka. Mama aliligundua hilo kwa vidole siku ya kushona, alipopapasa ukili wake na kuukuta umenyooka.

Siku iliyofuata hakwenda, wala iliyofuata. Nilipokuja likizo nilimkuta amekaa mlangoni wakati wa alasiri, sauti za wanawake zikitoka ng'ambo ya ua.

"Mama, huendi kwa Bi. Zuhura?"

"Nikafanye nini, mwanangu? Nikasukiwe kwa lipi?"

Ni katika likizo hiyohiyo binti yangu Mwanahawa, anayefanya kazi Dar es Salaam, alikuja na kishikwambi cha kusomea vitabu. Kwa wasiokijua, ni kibao chembamba cheusi, na ndani yake humwagwa vitabu vya kielektroniki kama ufuta ndani ya gunia.

"Mama, humu mna vitabu mia," aliniambia.

"Umesoma vingapi?"

Akaangalia miguu yake.

"Na ukimaliza kimoja, unamwazima nani?"

"Haviazimiki, mama. Nimevinunua kwa jina langu."

Nilikichukia kibao kile papo hapo, na sababu zangu sijazifuta. Kitabu kisichoweza kutoka Kitomanga kikaenda Mingoyo ndani ya kikapu cha mtu, kikarudi na alama za dole gumba la msomaji mwingine, ni kitabu kilichofungwa mguu. Aidha, siku hizi kila mwenye simu ni mwandishi na kila mwandishi ni mchapishaji wake mwenyewe. Mwanahawa alinionyesha hadithi ya muuguzi mmoja, mzaliwa wa Rutamba, aliyezungusha mswada wake kwa wachapishaji hadi akachoka, akauweka mwenyewe mtandaoni. Niliisoma kwa nia ya kuikosoa. Ukurasa wa kwanza tu, kidole changu kilitamani kalamu nyekundu. Hapakuwa na mhariri aliyepita humo, kama vile shamba lisilowahi kuona jembe la palizi. Hata hivyo niliendelea. Ndani yake mlikuwa na uvunaji wa ufuta, na bibi aliyewagombeza wajukuu kwa Kimwera, na vilima vya Rutamba asubuhi, mambo ambayo katika maisha yangu yote ya kusoma sijapata kuyakuta ndani ya kitabu. Niliifunga hadithi bila kutaja kosa hata moja, jambo ambalo Mwanahawa aliliona na, kwa busara, hakulisema.

Yeye ndiye aliyemshawishi bibi yake. "Twende, Bibi. Kibao kitasoma chenyewe, wewe utasikiliza tu."

"Kina mdomo?"

"Kina sauti."

"Haya, mke mwenzangu. Twende tukaone maajabu yako."

Mama alibeba miyaa yake chini ya kwapa, akaketi pale pale alipozoea. Mwanahawa alibonyeza, na sauti ya mwanamke isiyo na lafudhi ya mahali popote ikaanza kusoma hadithi ya Rutamba. Ilikanyaga maneno pale ilipotakiwa kupita taratibu, ikapita mbio penye msiba.

"Huyu bibi kasomea wapi?" Bi. Zuhura aliuliza. "Hata mate hamezi!"

"Amemtangaza marehemu kama anayetangaza bei ya samaki," mwingine akadakia, na ua mzima ukacheka hadi miyaa ikawaanguka. Kisha kicheko kikaisha, sauti ikaendelea, na wanawake wakaanza kuzungumza yao bila kuisikiliza, kama ifanyiwavyo redio.

Bi. Zuhura alitikisa kichwa. "Na huyu tumsukie ukili, atauweka wapi?"

Nilimtazama Mama. Mikono yake ilikuwa inasuka, na ukili ulikuwa umekwisha kupinda. Akauweka mapajani.

"Mjukuu wangu, herufi za kibao hicho zinakua?"

"Zinakua, Bibi."

"Zikuze."

Mwanahawa aliinyamazisha sauti, akazikuza herufi. Mama akasogeza kibao karibu na pua. "Bado." Akazikuza tena, na tena, hadi mstari mmoja ukabeba maneno mawili na ukurasa ukawa na upana wa sentensi. Midomo ya Mama iliyapitia maneno kwanza. Kisha akasoma, polepole, neno baada ya neno, kama anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Lakini pumzi ilikuwa ileile, na penye msiba alitua.

Alikosea jambo moja tu. Alikishika kibao kama alivyozoea kushika kitabu, dole gumba juu ya ukingo wa ukurasa, na kila dole lilipogusa, kurasa ziliruka mbele bila yeye kujua.

"Ngoja, Somoe," Bi. Zuhura alimkatiza. "Mbona kaolewa kabla hajaposwa?"

"Siku hizi ndivyo wanavyofanya," mwingine akajibu, na safari hii Mama alicheka pamoja nao. Mwanahawa alimwonyesha mahali pa kushika. Akarudi nyuma hadi kwenye posa, akaendelea.

Jua lilikuwa limeshuka kwenye ua wa mabati uliochukua mahali pa makuti, wakati Mama alipokohoa. Mara moja tu. Akafunua kanga begani, akatazama juu ya kibao kwa macho yasiyoniona vizuri, lakini yaliyojua nimekaa wapi.

"Mwalimu," alisema. "Hebu nenda kaangalie kama maji yapo."

Mimi ni mtu mzima mwenye binti mtu mzima. Wapo wakuu wa idara wa leo ambao utotoni walisimama mbele ya darasa langu wakitetemeka. Niliinuka na kwenda. Ndoo zilikuwa zimejaa, maana bomba lipo uani. Nilisimama nyuma ya mabati na kutega sikio, na kama zamani, sikusikia kitu ila kicheko.

Niliporudi, ukili wa Mama ulikuwa mapajani mwa Bi. Zuhura. Alikuwa akiufumua mahali ulipopinda, waziwazi, mbele ya macho ya mwenyewe, na kuusuka upya unyooke. Mama aliona. Hakutua, akasoma.

Enzi zetu kitabu kilikuwa kimoja na masikio mengi. Leo vitabu ni mia ndani ya kibao kimoja, na mwenye kibao amejifungia chumbani asimsomee hata mamaye. Nakumbuka harufu ya kabati lile, na najua halitarudi. Sijabadili ninayoyasema kuhusu vitabu visivyoazimika na waandishi wasiohaririwa. Nimemwandikia muuguzi wa Rutamba kwamba nitampitishia kalamu nyekundu hadithi yake ijayo, apende asipende. Mwanahawa nimemwambia atanunua kibao kingine, kwa kuwa kile hakiondoki. Kitabaki Kitomanga, uani kwa Bi. Zuhura. Anayetaka kusikia kilichomo aje baada ya alasiri. Aoshe mikono, na aje na miyaa.