Tarehe Inaruka Saa Kumi na Mbili

Miaka yote nilidhani saa ya baba ina betri kama saa nyingine, maana sikuwahi kumwona akiifanyia lolote zaidi ya kuivaa. Alilima nayo pamba kule Migato, akachunga nayo, akaenda nayo kanisani, na yenyewe ikatembea tu. Nilikuja kuujua ukweli nikiwa mtu mzima na ajira yangu, na mpaka leo naona aibu kidogo.

Mwaka jana kiharusi kilimpiga upande wa kushoto. Mkono ukalala, na siku ya pili yake saa iliyokuwa kwenye mkono huo nayo ikasimama. Baba akaitazama kwa muda, akamwambia mama, "Unaona? Hata yenyewe imejua." Tangu hapo akagomea mazoezi. Mtaalamu wa hospitali alikuwa amesema waziwazi: aunyanyue mkono wa kushoto kwa kuushika na wa kulia, asubuhi na jioni, la sivyo utakakamaa moja kwa moja. Baba akawa anageukia ukutani. Jambo hilo liliniuma sana. Lilinichokoza pia, kwa sababu sikuelewa saa inajuaje kwamba mwenyewe ameugua.

Nikaibeba mpaka Bariadi, ninakofanya kazi, nikampelekea fundi saa mmoja karibu na stendi. Akaitikisa mara tatu, akaiweka sikioni, akacheka.

"Nzima hii, dada. Hii haili betri, inakula mkono."

Nikamwomba aifungue. Alikuwa na wateja wanamsubiri, lakini aliona kabisa kwamba sibanduki. Ndani kulikuwa na kichuma cha nusu duara. Ukiiinamisha saa, kinazunguka kwa mlio mdogo, na kila kikizunguka kinakaza utepe wa chuma uliojikunja ndani. Mkono ukitembea, saa inajaa. Mkono ukilala, hata kama ilikuwa imejaa, haimalizi siku mbili. Akanionyesha na kaufunguo ka pembeni: kakiwa ndani, unakazungusha mara thelathini saa inajaa, ukikavuta hatua moja unabadili tarehe, hatua mbili unasogeza mishale.

"Ila mishale ikiwa jirani na kumi na mbili, tarehe usiiguse. Utavunja meno ya ndani."

Akairekebisha kwa kufuata simu yake. Jumamosi asubuhi nikawa Migato, nina furaha ya mtoto aliyefaulu mtihani.

"Mwangaluka, baba," nikamwamkia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka," akaitikia. Nikamwekea saa kwenye kiganja cha kulia. Akakunja uso. "Hii imerudi na masaa ya ofisini."

Kweli, ilikuwa saa mbili asubuhi na mshale mfupi ulikuwa kwenye nane. Sisi wengine tukiona nane tunasema mbili bila hata kufikiri. Baba hajawahi kuukubali mchezo huo. Kwake, ikiwa saa mbili, mshale ukae kwenye mbili.

Nikavuta kaufunguo, nikazungusha mishale mpaka kwenye mbili, nikajiona nimemaliza.

"Bado," akasema. "Hapo tarehe itaruka saa kumi na mbili jioni. Ongeza mzunguko mmoja wa mshale mfupi, iruke asubuhi."

Nikaongeza. Mishale ilipopita kumi na mbili, tarehe ikaruka, ikawa ya kesho. Nikakumbuka onyo la fundi, nikaipeleka mishale mbali kidogo, kwenye sita, nikazungusha tarehe mpaka ikaja ya leo, kisha nikairudisha kwenye mbili. Baba alinifuatilia kwa macho kila hatua. Ilikuwa mara ya kwanza kwa wiki nyingi kumwona akitaka kujua kitu.

"Kwa nini iruke asubuhi?" nikamuuliza.

"Siku inaanzaje watu wamelala? Siku inaanza mtu akishika jembe."

Nikacheka, kisha nikaona yeye hacheki. Alikuwa na miezi minne hajashika jembe.

Basi nikamweleza habari ya kile kichuma cha nusu duara. Nikaitikisa saa sikioni kwake ili asikie kinavyozunguka. Akasikiliza, akaniambia nitikise tena.

"Kwa hiyo haikujua chochote?"

"Haikujua, baba. Ilikosa mkono tu."

Nikaijaza kwa mizunguko thelathini ya kaufunguo, nikaushika mkono wake wa kulia ili nimvalishe. Akauondoa.

"Kushoto," akasema. "Na mtu yeyote asiguse huo ufunguo."

Jumapili nikarudi Bariadi nikipiga hesabu kichwani: isipotikiswa, Jumatatu itakuwa imesimama. Jumatatu ikapita, sikupiga simu. Jumanne pia. Mimi ambaye huuliza mpaka watu wananikimbia, swali hilo niliogopa kuliuliza.

Jumatano simu ikaita ndiyo kwanza kunakucha. Ilikuwa namba ya mama, lakini aliyeongea ni baba, na alikuwa akihema kama mtu aliyetoka shambani.

"Ng'wanawane," akasema, "tarehe imeruka."