Mabati ya Mbodze

"Mama Mbodze, hebu niambie, hizo pesa za mtoto hula nani, na mtoto mwenyewe avaa sketi yenye kiraka?"

Lydia, jirani yetu wa upande wa mto, alimuuliza Kanze hivyo kwenye mashine ya kusaga unga, mbele ya watu. Hakuuliza kwa ubaya. Lydia ni mtu wa kutoa lililo moyoni kisha akasahau. Lakini Kanze hakusahau. Aliinua ndoo yake ya mahindi kabla zamu yake haijafika, akatoka nje, akasimama, akarudi, akaitua palepale ilipokuwa. 

Huyo ndiye Kanze Mangi, ninayetaka kumweleza hapa. Amezaliwa papa hapa Idsowe. Wazee wake ni Wagiriama waliokuja kulima kutoka upande wa Malindi. Ana migomba yake ukingoni mwa mto na kishamba cha mahindi, na ndizi huziuza Garsen, stejini, akipita dirisha kwa dirisha basi linaposimama. Ni mrefu, mwepesi wa kucheka. Ila ukikaa naye siku hizi utaona hatulii. Pikipiki yoyote ikipunguza mwendo barabarani, atanyanyuka atazame nani anashuka.

Mbodze ni mtoto wake wa pekee, yuko gredi ya nne. Babake mtoto ni Gona, Mgiriama vilevile, aliyekuja hapa msimu mmoja kuvuna, wakapendana na Kanze. Kabla wazee hawajakutana, Gona akaenda Madogo kutafuta kazi, akapata ya kupakia mbuzi kwenye malori, akaoa hukohuko. Mahari hayakutoka. Kwa mila yao, mtoto ambaye mamake hajatolewa mahari ni wa nyumba ya babu. Kwa hivyo Mbodze akawa mtoto wa Mzee Mangi, babake Kanze, akapewa jina la mamake Mzee Mangi, akakua akimwita yule mzee tsawe, yaani babu, na kumfuata nyuma kama kivuli.

Mtoto alipoanza shule, Kanze alienda ofisi ya watoto Garsen. Gona akaitwa, akaja, hakubisha. Wakakubaliana awe akituma pesa za matunzo kila mwezi kwa simu. Na nimtendee haki Gona: alituma. Soko la mbuzi likifungwa alichelewa, lakini alituma. Ninawajua wanaume wenye mishahara ambao simu zao huzimika mwisho wa mwezi.

Kanze alikuja nyumbani na furaha. Babake akamwambia, "Rudisha."

"Nirudishe nini, baba? Ni sheria."

"Mimi sheria siijui. Najua hivi: anayemlipia mtoto ndiye mwenye mtoto. Hizo pesa zikiingia kwenye sufuria yangu, mjukuu wangu akazila, siku moja yule atasimama hapo mlangoni aseme amemaliza kulipa."

Watu walimcheka Mzee Mangi. Mimi sikumcheka sana, maana najua ndugu yake mmoja alikula ng'ombe na pombe ya watu kidogo kidogo, akidhani ni heshima tu, halafu wenyewe wakaja wakaondoka na watoto wa binti yake, wakisema wameshalipa. Mzee alikuwapo siku hiyo. Aliwaona wale watoto wakiondoka.

Basi nyumbani kwa Kanze kukawa na mtindo wake. Kila sufuria ikiteremshwa, mzee huuliza kwanza.

"Unga huu?"

"Wa mahindi yetu, baba."

"Na mafuta?"

"Nimeuza ndizi."

"Na hiki kisamaki?"

"Baba, hiki nimepewa na Lydia. Nenda ukamuulize."

"Sina haja. Lydia hana cha kuhonga mtu."

Hapo ndipo alipokula. Sare ya shule vilevile, aliulizia. Madaftari aliulizia. Ndiyo sababu ya kile kiraka. Kanze alimvalisha mtoto kwa pesa za ndizi peke yake, na mwaka ule ndizi hazikuwa na bei. Pesa za Gona zikawa zimekaa tu kwenye simu, naye simu ameifunga kwenye ncha ya leso kama mtu aliyeficha kaa la moto.

Halafu mto ukafurika. Tuliokuwa hapa hatuhitaji kuelezwa. Nyumba ya Mzee Mangi ilikuwa ya udongo na makuti. Maji yalipoingia ilikaa chini polepole kama mwanamke mwenye mimba. Sote tukahamia kwenye muinuko kandokando ya barabara, tukaishi kwenye maturubai, tukagawiwa maharagwe na mablanketi na watu ambao mpaka leo sijui ni wa shirika gani. Mbodze akashikwa na kifua. Usiku akikohoa, Kanze anakaa amemkumbatia. Mchana anazungukazunguka lile turubai huku akiishika ile ncha ya leso.

Maji yalipotoka tukarudi kujenga. Vijana wa kanisani wakamsaidia Kanze kusimamisha miti na kukandika, na siku ya kuezeka ikaja mikokoteni ya mabati mapya. Mzee akauliza kama kawaida yake.

"Haya?"

"Ya msaada, baba. Ya mafuriko."

Mzee akayapapasa. Akasema, "Msaada wa mwaka huu una akili. Umekuja na misumari yake." Siku ya kwanza mvua kunyesha juu ya mabati yale alikaa ndani akisikiliza, akamwambia Mbodze hajawahi kuwa na nyumba isiyovuja tangu azaliwe. Kifua cha mtoto kilipona.

Hapo hakuna aliyejua neno, hata mimi. Kanze alibaki nalo peke yake.

Kabla ya likizo ya Agosti, Gona akapiga simu. Kanze alinisimulia maneno yao mara nyingi, kila mara akiwa amesimama.

"Shule zikifunga nakuja kumchukua Mbodze."

"Kumchukua aje kukutembelea?"

"Kumchukua. Mke wangu amejifungua, Mbodze atamsaidia na kitoto. Huku Madogo kuna shule pia."

"Gona, nani amekwambia mtoto ni wa kuchukuliwa?"

"Sasa mama Mbodze, miaka yote hii nilikuwa namlipia nani? Wajomba zangu wamesema nimeshavuka hata mahari yenyewe."

Kanze akaniambia, "Mama Hulda, kumbe baba alijua. Sisi ndio tulikuwa tunamcheka. Gona anawaza vilevile kama yeye."

Kuanzia hapo akawa haketi. Akipika anaacha moto, aende njiani, arudi. Tulipokuwa tukiomba pamoja alikuwa akifumbua macho katikati ya maombi. Najua kwa sababu na mimi nilifumbua.

Gona akaja kweli. Akashuka kwenye pikipiki na mfuko wa maembe na sukari, akamwamkia mzee kwa heshima, "Shikamoo baba." Mzee akaitikia, mfuko hakuugusa. Mbodze akatoka kumsalimia na ile sketi yake. Gona akamtazama mtoto, akatazama kile kiraka, kisha macho yakapanda juu.

"Mama Mbodze," akasema, "tazama mikono yangu. Hizi ni alama za pembe za mbuzi. Jua la Madogo walijua wewe? Mtu anashindana na beberu tangu asubuhi ili mtoto avae. Nimekuja nakuta mtoto ana kiraka, na nyumba ya babako yang'aa naiona toka barabarani."

"Nyumba hiyo ni ya msaada," Mzee Mangi akasema. "Usiitie mdomo."

"Sijakuuliza wewe, baba, samahani. Namuuliza aliyepokea."

Kanze alikuwa ameshika mti wa mlango kana kwamba nyumba inataka kuondoka.

"Basi twende Garsen kwa wale waliotuandikia mapatano," Gona akasema. "Akaseme hukohuko. Ikionekana pesa amezila mwenyewe, mtoto naondoka naye."

Tukaenda Garsen asubuhi iliyofuata. Mzee Mangi akavaa koti lake la maziko akasema haachwi. Kanze akaniomba nikae karibu naye, nami nikakaa. Afisa alikuwa binti wa Kiorma, anaitwa Barwako, mpole wa sauti, anayekusikiliza mpaka umalize. Akasikiliza yote ya Gona. Kisha akamgeukia Kanze.

"Mama Mbodze, hapa hatugombani. Niambie tu, pesa za matunzo umezitumiaje?"

Kanze akasimama. Akakaa. Akamtazama babake.

Mzee akadhani anaombwa ushahidi. Akasimama yeye, akakohoa. "Binti yangu, niulize mimi, nakaa naye nyumba moja. Nakuapia, mtoto huyu hajala hata punje ya pesa za huyu bwana. Hajavaa hata kifungo. Nimehakikisha mwenyewe, kila siku."

Akakaa akiwa ameridhika. Alidhani amemwokoa binti yake.

Barwako akainua macho. "Kwa hiyo mzee, mtoto hakufikiwa na kitu chochote?"

"Hata kidogo."

"Umesikia, afisa," Gona akasema taratibu. "Si mimi niliyesema."

Niliuweka mkono wangu juu ya goti la Kanze. Sasa ndipo naelewa alichokuwa akipima: akinyamaza, ataonekana mama aliyekula haki ya mwanawe, na Gona ana pa kuanzia. Akisema, babake anajua, na kwa hesabu za babake mtoto ameshauzwa. Alitazama mlango kana kwamba atakimbia. Halafu akasema, akitazama sakafu, "Ni mabati. Pesa zote ni mabati, na misumari, na mlango. Mtoto alikuwa anakohoa kwenye turubai. Nisamehe, baba."

Mzee Mangi alivua kofia, akaishika magotini.

Barwako akauliza, "Mbodze analala wapi?"

"Chini ya mabati hayo."

"Basi zimemfikia. Matunzo si chakula na sare tu. Pa kulala pamo, na matibabu, na shule." Akamgeukia Gona. "Baba Mbodze, unatuma kwa sababu mtoto ni wako na ana haja, si kwa sababu unamnunua. Ungekuwa umetuma miaka ishirini usingekuwa umemlipia mtu. Kumtembelea una haki. Kumhamisha, hapana, mpaka mkae muelewane, na mtoto mwenyewe asikilizwe."

"Na mimi je?" Gona akauliza. Sauti yake haikuwa ya ugomvi tena. "Nitume tu, nisijue zinaenda wapi?"

"Kuuliza ni haki yako. Na kama wapenda kuona kwa macho, sare nunua mwenyewe. Chakula cha shule lipa shuleni. Mama Mbodze, na wewe uwe unamwambia. Kunyamaza kwako ndiko kulikotuleta hapa."

Kanze akaitikia kwa kichwa. Nami niliona swali la Gona lilikuwa la haki. Mtu akitoa jasho lake gizani, shetani humnong'oneza mengi.

Tulipotoka, Gona alienda sokoni akarudi na sketi mpya. Ilikuwa ya kumtosha msichana wa sekondari. Hakuwa amejua mwanawe ni wa kiasi gani. Kanze akaipokea, akaipima kwa macho, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi akacheka. "Nitaikunja, baba Mbodze. Ataikuta njiani akikua." Gona naye akacheka kidogo, akapanda gari la kurudi Madogo.

Ningependa kuishia hapo, lakini haikuishia hapo.

Mzee Mangi alifika nyumbani asiingie ndani. Alikaa nje na koti lake. Baadaye akaomba nyundo. Kanze akamuuliza ya nini.

"Nataka kuondoa bati lililo juu ya kitanda changu. Hayo mengine ni yenu."

Akapanda juu ya kinu, mzee wa umri ule, akaanza kukung'uta msumari. Mbodze akaja akasimama chini yake.

"Tsawe, ukiling'oa hilo, mvua itanipiga mimi. Nalala upande huohuo."

Mzee akashuka. Nyundo akairudisha. Lakini kitanda chake akakitoa, akakipeleka jikoni, kwenye kile kibanda cha makuti, na huko ndiko anakolala hadi hivi sasa. Chakula anakula, ila haulizi tena unga umetoka wapi, na Kanze anasema afadhali angeuliza. Nilimwendea nikamkumbusha maneno ya afisa. Akanijibu kwa upole, "Yule msichana amesema vizuri. Lakini amesemea ofisini, na ofisini hakuna mzee hata mmoja wa upande ule aliyemsikia. Wajomba wa Gona wametuma neno kwamba wakimaliza kuvuna watakuja kumaliza mazungumzo. Wakija, yule msichana hatakuwapo. Nitakuwapo mimi, na mabati yao juu ya nyumba yangu."

 Nilirudi nyumbani nikaomba, na hata maombi siku hiyo yalikuwa hayakai.

Sasa mto umeanza kubadilika rangi tena, mvua imenyesha huko juu mto unakotoka, na kile kibanda cha jikoni kinavuja. Jana nilimkuta Kanze amesimama katikati ya uwanja, kati ya jikoni na nyumba, ameshika turubai la zamani, hajui alitandaze wapi. Pikipiki ikapita, akageuka kuitazama mpaka ikapotea. Nilimwambia Jumatatu naenda Garsen, kama ana la kuagiza. Aliliweka turubai chini ndipo akasema:

"Nipitie kwa Barwako, mama Hulda. Mwambie namuomba aje hapa siku ile wajomba wa Gona watakapokuja, akae kwenye mkeka na baba na wao, na ayarudie yale maneno baba akiwa anasikia, kwamba pesa za matunzo si mahari. Na kama siku hiyo hawezi, basi aje siku yoyote, lakini aje kabla ya mvua kubwa, baba arudi kulala ndani."