Ubani Ambao Sikuufuata Ng'ambo

Mwaka ule wa 1897, ukitaka mtu wa miti ungekuja kijijini Kulesa, ukingoni mwa Mto Tana, umuulizie Buya. Ndiye mimi. Hakuna gome wala utomvu wa Tana nzima nisioujua.

Cheka tu, utajionea.

Bibi yangu Arafa alikuwa na goti bovu. Limevimba, na akilikunja linasaga ndani kama jiwe.

Na mafuriko yalikuwa yanashuka. Desturi yetu haina huruma: shamba la ukingoni lisipopandwa mpunga kabla tope halijakauka, wazee wanampa mtu mwingine. Na letu mpanzi wake ni Bibi.

Wario, mfugaji wa Kiorma, aliniahidi ubani wa nyikani. Kwao huutafuna viungo vikiuma. Kazi yangu ilikuwa kuvuka mto tu, nikauchukue.

Nikafika kivukoni. Mamba wawili wanaota jua.

Nikageuza.

Njiani nikabandua utomvu wa mgunga, nikaufunga kwenye jani. Nani angejua?

Bibi alitafuna siku tatu.

"Mjukuu wangu, bado linauma."

"Dawa inaingia, Bibi. Wewe tu una haraka."

Huku nyuma nazunguka kijijini nikitamba kwamba goti nimelitengeneza, sasa Bibi anafukuza viboko. Watu wanacheka, mimi nanogewa.

Siku ya kukagua mashamba, Mzee Hiribae akamkuta Bibi amepanda nusu, akijikokota topeni kwa makalio. Hata hivyo akaitazama ile nusu tupu.

"Arafa, ungekuwa mgonjwa tungekungoja. Lakini kijiji kizima kinajua umepona. Huku kujikokota ni kisingizio cha uvivu."

Bibi akanigeukia. Alitaka neno moja tu kutoka kwangu.

Nikatazama vidole vyangu vya miguu.

Hiribae akachomeka fimbo ya mpaka mpya. Ndipo mtumbwi ukagusa ukingo, Wario akashuka na kifurushi mkononi.

"Buya, siku tatu nakungoja ng'ambo. Ubani wa bibi yako huu hapa. Mbona hukuja?"



Hiribae akaniuliza kwa upole, na upole ule ndio ulioniumiza: "Basi bibi yako alikuwa anatafuna nini?"

Bibi akanijibia.

"Mgunga. Niliijua ladha yake siku ile ile. Nawe Buya, nilikuwa nakungoja useme mwenyewe."

Hiribae akaing'oa fimbo. Shamba likabaki letu.

Kwa hiyo wewe unayegawa dawa: mgonjwa akikwambia bado anaumwa, mwamini yeye kwanza. Mimi nilihitaji shahidi avuke mto.