Mguu wa Mgeni

Mkeka uliolowa ukianikwa juani hutoa harufu ya ukindu na matope. Nikiisikia, narudi barazani kwetu Ujiji, miaka ile watu walipokuwa wakivuka ziwa kukimbia vita.

Asubuhi moja aliletwa kwetu mwanamke aliyekesha kwenye mtumbwi ulioingia maji. Mguu wake wa kushoto ulikuwa wa baridi kama samaki, na hata ukiufinya hakusikia kitu. Shangazi akamsogezea jiko la mkaa.

"Liondoe!" mama alifoka. "Ataungua bila kujua."

Akaminya kidole gumba cha mguu ule. Ukucha ukageuka mweupe, ukakawia kurudi rangi yake.

"Damu inapita," alisema, "ila kwa shida."

Kisha mama yangu, ambaye hakuna aliyethubutu kukanyaga mkeka wake bila kuosha miguu, akaketi juu ya mkeka huohuo, akafunua kanga na kuubana mguu ule wenye matope tumboni mwake. Tukangoja.

Ghafla mgeni akapiga kelele: "Unauma, dada! Unauma!"

Mama akacheka mpaka machozi yakamtoka. "Uache uume, mdogo wangu. Uache uume."